Chupa ya kujaza tena na tena: chuma cha pua, kioo au plastiki?

Chupa niliyokaa nayo miaka mingi kuliko zote ilikuwa ya plastiki ngumu, angavu kama kioo. Ilidondoka mara nyingi na haikupasuka hata siku moja, na kwa hilo niliithamini. Usiku mmoja nikaimulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona kitu ambacho mwanga wa mchana haukuwahi kunionyesha: mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele, zimeanzia shingoni zinashuka hadi chini. Nikaigeuza. Kitakoni palikuwa na pembetatu yenye namba 7, na chini yake herufi mbili, PC. Chupa hiyo nilikuwa naitia maji ya moto karibu kila asubuhi.

PC ni polikaboneti, na polikaboneti hutengenezwa kwa bisifenoli A, kemikali ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi tatu tu: BPA. Tangu usiku ule sinunui chupa kabla sijajiuliza maswali mawili. Nitatia nini ndani yake? Na ni kitu gani hasa kitakachogusana na kinywaji hicho? Karatasi iliyobandikwa ubavuni ikisema "haina BPA" haijibu hata moja kati ya hayo, na ndiyo karatasi inayouza chupa nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Nimezilinganisha chupa mbilimbili, kwa sababu dukani ndivyo mtu anavyokwama: moja kaishika mkono huu, nyingine mkono ule, zote zinapendeza.

Kemikali inatokaje kwenye chupa

BPA si kitu kipya. Mkemia Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza mwaka 1891. Katika miaka ya 1930, Mwingereza Edward Charles Dodds aliijaribu na kuona kwamba mwilini inajifanya estrojeni, homoni ya kike. Plastiki ya polikaboneti ilikuja baadaye, mwaka 1953, pale Hermann Schnell wa Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani walipoipata kila mmoja kwa njia yake. Yaani tabia ya BPA ya kuigiza homoni ilikwisha kujulikana miaka mingi kabla haijageuzwa kuwa chombo cha kunywea. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Ichukulie polikaboneti kama muwa: pingili baada ya pingili, na ndani ya kila pingili mna BPA. Maji ya moto hukata viungo vya pingili hizo. Sabuni kali yenye magadi hukata zaidi. Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mtaalamu wa jenetiki Patricia Hunt alishangaa kuona mayai ya panya wake wa maabara yameharibika kromosomu ghafla, wakiwemo panya ambao hawakuwa wamepewa kitu chochote cha majaribio. Alipofuatilia, akakuta vizimba vyao na chupa zao za maji, vyote vya polikaboneti, vilioshwa kwa sabuni kali isiyokusudiwa kwa vyombo hivyo. Plastiki ilikuwa imeanza kuyeyuka taratibu na panya wakawa wanainywa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Kwa binadamu kuna jaribio moja ninalolirejea mara kwa mara kwa sababu halikutumia joto kabisa. Watafiti wa Harvard waliwapa wanafunzi 77 chupa za polikaboneti wakanywee vinywaji baridi kwa wiki moja. Mwaka 2009 walitangaza kuwa BPA kwenye mikojo yao ilipanda kwa takriban theluthi mbili. Wiki moja tu, tena kwa baridi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walilinganisha chupa mpya na zilizotumika miaka mingi, wakakuta zote zinatoa BPA kwa kasi moja. Walipozitia maji yaliyochemka, kasi ikaruka mara 15 hadi 55. Somo hilo lilinigusa mimi moja kwa moja: nyufa ndizo zilizonitisha, kumbe cha kuogopa zaidi kilikuwa birika.

Kwa hiyo yako mambo manne ya kuyaweka akilini katika ulinganisho wote unaofuata: joto, ukali wa kinywaji (limau, maji ya matunda, soda), muda ambao kinywaji kimekaa ndani, na hali ya ukuta wa ndani wa chupa. Kati ya hayo, joto ndilo la kwanza.

Polikaboneti na plastiki ngumu "isiyo na BPA"

Ukiziweka bega kwa bega hutazitofautisha. Zote ngumu, zote angavu, na zote zinaweza kuwa na namba 7. Namba hizo za pembetatu zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili kuwasaidia wanaochambua taka za kurejelezwa. Hazikuwekwa kumwambia mnywaji kama chombo ni salama. Namba 7 maana yake ni "nyinginezo", kapu la kila kilichokosa kuingia 1 mpaka 6. Polikaboneti imo humo, na iliyochukua nafasi yake imo humohumo.

Iliyochukua nafasi hiyo mara nyingi ni kopoliesta, plastiki ya aina nyingine, maarufu kwa jina la kibiashara Tritan, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Eastman mwaka 2007. Mwaka 2008 Nalgene, waliojulikana kwa chupa zao za polikaboneti, wakahamia huko. Mwaka huohuo Kanada ilitangaza kuwa itazuia chupa za watoto wachanga zenye BPA. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2011, Marekani mwaka 2012, na Ufaransa ikapiga marufuku BPA kwenye vyombo vyote vya chakula kuanzia 2015.

Kisha mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukipokea kila siku bila hofu, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili (nanogramu ni sehemu moja ya elfu ya mikrogramu). Ni punguzo la mara 20,000. Wataalamu hawakuafikiana wote: BfR, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, ilipendekeza nanogramu 200. Lakini angalia kwamba hata hao waliopinga wameshuka mara 20 chini ya kiwango cha zamani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya BPA kwenye vitu vinavyogusana na chakula, ikaanza kutumika Januari 2025 pamoja na muda wa mpito kwa viwanda.

Sasa, je, "haina BPA" inatosha? Hapana, na sababu yake ni rahisi. Kilichotajwa ni kemikali moja. Ndugu zake, bisifenoli S na bisifenoli F, nao wameonyesha maabara kuwa wanaigusa homoni kwa namna inayofanana, na bidhaa iliyowekewa ndugu hao bado inaweza kubandikwa karatasi ileile bila kusema uongo. Tritan yenyewe haitengenezwi kwa bisifenoli, na hapo inaishinda polikaboneti waziwazi. Mwaka 2011 watafiti wa Texas walichapisha kazi iliyodai kwamba plastiki nyingi, zikiwemo zisizo na BPA, hutoa vitu vyenye tabia ya estrojeni. Eastman wakaenda mahakamani dhidi ya kampuni zilizohusika na madai hayo, na mwaka 2013 baraza la mahakama likawapa ushindi Eastman.

Hukumu yangu kati ya hizi mbili: ukiona herufi PC, au chupa ngumu angavu ya zamani isiyo na maelezo yoyote, iache. Tritan ichukue kwa maji baridi ikiwa unahitaji kitu chepesi kisichovunjika. Kwa chai na maji ya moto, usichukue yoyote. Na kama nyumbani au kazini kuna mashine ya maji yenye lile dumu kubwa la takriban lita 19 linalopinduliwa juu, geuza dumu tupu usome kitakoni. Mengi yake ni polikaboneti. Likae kivulini, na lisikae miezi na maji yaleyale.

Chupa ya maji ya dukani na chupa ya namba 5

Wengi hatununui chupa ya kudumu kabisa. Tunamaliza maji ya dukani, tunaiosha ile chupa, tunaijaza tena. Hiyo ni PET, namba 1. Haina BPA. Hata lile jina lake refu lenye "tereftaleti" linalowatia watu hofu halihusiani na zile ftaleti za kulainishia plastiki. Yamefanana majina tu. Tatizo lake ni jingine. Hutengenezwa kwa msaada wa kichocheo cha antimoni, aina ya madini, na antimoni hutoka kidogokidogo kuingia kwenye maji, zaidi sana chupa ikipigwa na jua au ikiachwa ndani ya gari lililofungwa. Isitoshe, plastiki yake hulegea ikifika nyuzi joto sabini na kitu, ndiyo maana ukiimiminia maji ya moto inajikunja mkononi mwako. Mdomo wake mwembamba hauingii brashi, na ukuta wake ukishakwaruzwa, uchafu unapata makao.

Halafu kuna chembechembe. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walihesabu kwa leza chembe za plastiki kwenye maji ya chupa, wakapata wastani wa 240,000 hivi kwa lita, na kama asilimia 90 ya hizo ni ndogo kiasi kwamba zinaitwa nanoplastiki. Sehemu yake ilikuwa PET ya chupa yenyewe, lakini nyingine ilikuwa nailoni, ambayo watafiti walidhani inatoka kwenye vichujio vya kusafishia maji. Madhara ya chembe hizo mwilini bado yanachunguzwa.

Polipropilini, namba 5, ni plastiki yenye weupe wa ukungu, isiyo angavu sana, na vifuniko vingi vimetengenezwa kwayo. Haina bisifenoli wala hailainishwi kwa ftaleti, na inahimili joto bila kupinda. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa plastiki ya kuaminika kuliko zote. Kisha Oktoba 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walizichunguza chupa za watoto za polipropilini. Maji ya nyuzi 70 yalipotiwa na kutikiswa, chembe ndogo za plastiki zilifika hadi milioni 16 kwa lita. Maji ya nyuzi 25 yalitoa kama laki 6. Ya nyuzi 95 yakatoa milioni 55.

Tazama hesabu hiyo taratibu. Chupa ni ileile, plastiki ni ileile. Kilichobadilika ni joto tu. Namba 5 inaishinda namba 1 kwa matumizi ya kila siku, ila ushindi huo ni wa maji baridi au ya kawaida.

Zile chupa laini za kubinya wanazobeba wanamichezo ni polithini, namba 4 au 2. Ni nzuri ukiwa mbioni, na nisingezitumia zaidi ya hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliacha maji ya bomba ndani ya chupa za aina hiyo kwa saa 24. Walipata zaidi ya vitu 400 vilivyotoka kwenye plastiki, na zaidi ya 3,500 vilivyotokana na sabuni ya mashine ya kuosha vyombo, vingi vikiwa havijulikani ni nini. Kwa hiyo ukiwa nayo, ioshe kwa mkono, isuuze sana, na maji yaliyolala ndani yamwagilie maua.

Namba 3 (PVC) na namba 6 (polistireni) sitazipotezea muda. Si za kunywea kila siku.

Chuma cha pua na alumini

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka, kwa sababu kwa nje chupa hizi mbili ni mapacha. Zote za chuma, zote zimepakwa rangi nzuri, zote zinauzwa kwa maneno yaleyale.

Tofauti iko ndani. Alumini haivumilii kinywaji kikali. Maji ya limau huila. Kwa hiyo kiwanda hulazimika kuipaka utando ndani, na utando huo mara nyingi ni aina ya plastiki. Ukinywa kwenye chupa ya alumini, mdomo wako na maji yako havikutani na chuma, vinakutana na utando. Mwaka 2009 kampuni ya Uswisi ya SIGG, iliyojulikana sana kwa chupa za alumini, ilikiri kwamba utando wa chupa zake zilizotengenezwa kabla ya Agosti 2008 ulikuwa na kiasi kidogo cha BPA. Wateja wengi walikuwa wamezinunua ili kuikimbia BPA hiyohiyo. Utando ukibonyea pamoja na chupa au ukikwanguliwa na brashi ngumu, unabanduka, na hapo unabaki na alumini tupu na vipande vya utando.

Chuma cha pua hakihitaji utando. Kimechanganywa na kromi, nayo kromi ikigusana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajiziba yenyewe. Aina ya kawaida ya vyombo ni 304, inayoandikwa pia 18/8, maana yake kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Aina ya 316 imeongezwa molibdeni na inastahimili chumvi zaidi. Ni nzuri, ila kwa maji na chai sioni haja ya kuilipia zaidi. Ya kuangalia ni 201, ambayo nikeli imepunguzwa na manganizi kuongezwa ili iwe rahisi. Hii hushika kutu mapema, hasa kwenye mishono ya kitako na nyuzi za shingo.

Utajuaje? Kwanza tazama ndani. Chuma cha pua tupu kina rangi ya kijivu yenye mistari ya kusuguliwa, kama ndani ya sufuria. Ukiona rangi ya dhahabu, nyeupe au mng'ao wa vanishi, huo ni utando. Pili, soma kitako kama kimepigwa mhuri wa 304 au 18/8. Tatu, usitegemee sumaku. Watu wengi wataileta sumaku wakakuambia isiponasa basi ni chuma kizuri. Alumini hainasi. 201 nayo hainasi, au hunasa kidogo sana. Na 304 halali inaweza kunasa kidogo pale ilipokunjwa na mashine. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida tu.

Chuma cha pua nacho kina mambo yake. Mtu mwenye mzio wa nikeli asilaze maji ya limau humo usiku kucha. Dawa ya madoa yenye klorini isitiwe ndani kabisa, kwa sababu klorini huitoboa ile ngozi ya kromi na kuacha vidoa vya kutu ambavyo havitoki tena. Siki kidogo na maji ya moto vinatosha. Na zile za kuta mbili zenye ombwe katikati, zinazotunza joto kama thamosi, kamwe zisiwekwe juu ya moto.

Kuna jambo la risasi pia, ile metali yenye sumu, na nitalieleza kwa utulivu. Kiwanda kikishafyonza hewa kati ya kuta mbili, huziba kile kitundu cha kitakoni. Viwanda vingine vimekuwa vikiziba kwa kidonge cha lehemu chenye risasi, kisha kinafunikwa na kisahani cha chuma. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Stanley ilieleza hadharani kwamba ilikuwa ikitumia njia hiyo. Kisahani kikiwa mahali pake, risasi haigusi kinywaji wala mkono. Kikibanduka, chupa imekwisha kazi siku hiyo, hata kama bado inatunza joto. Kwa mtoto mdogo anayelamba kila kitu mimi hununua ya ukuta mmoja, isiyo na kitundu cha kuzibwa. Novemba 2022 nchini Marekani vikombe na chupa za watoto karibu 10,500 ziliondolewa sokoni kwa sababu vitako vyake viliweza kukatika na kuiacha lehemu wazi.

Kati ya chuma cha pua na alumini sina haja ya kupima mara mbili. Alumini inashinda kwa wepesi tu.

Kioo na chuma cha pua

Huu ndio ulinganisho mgumu kwangu, maana zote mbili nazipenda. Kioo hakitoi kitu kwenye maji kwa kiasi cha kukusumbua, hakishiki harufu, na unaona uchafu kabla hujaunywa. Ukitia maji ya matunda leo na maji matupu kesho, ya kesho hayatanuka ya leo. Chuma cha pua kinasogelea hapo lakini hakifiki. Ulimi wa wengine huhisi ladha ya chuma, hasa chupa ikiwa mpya.

Kioo nacho ni cha aina mbili. Kile cha kawaida cha mitungi na madirisha hutanuka sana kikipata joto, na ukikitoa kwenye friji ukakimiminia maji ya moto kinapasuka. Kioo cha borosiliketi hutanuka takriban theluthi tu ya kile cha kawaida, ndiyo maana vyombo vya maabara hutengenezwa kwacho. Ukitaka chupa ya kioo ya kutilia chai, tafuta neno hilo. Lakini borosiliketi haina maana ya kutovunjika: ikidondoka itavunjika kama nyingine, na hata soksi ya silikoni inayovalishwa nje hupunguza tu.

Angalia pia michoro. Rangi za nje za vioo, hasa nyekundu na manjano, zimewahi kukutwa na risasi na kadimiamu. Chupa isiyo na mchoro karibu na mdomo ndiyo ya kuchukua.

Kwangu kioo kinakaa mezani na kando ya kitanda. Chuma cha pua kinatoka nje, kinaingia kwenye mkoba, kinadondoka na kuokotwa.

Shaba na silikoni nizitaje tu. Shaba ni kwa maji matupu, tena yasiyolala muda mrefu. Limau, maziwa na maji ya matunda huiyeyusha, na shaba ikizidi huleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita ya maji. Silikoni inayokunjika inafaa safarini na haiogopi joto sana, ila inashika harufu ya kila kilichopita.

Mfuniko, sehemu inayosahaulika

Unaweza kununua chuma cha pua bora kuliko vyote na bado ukanywa kupitia plastiki, kwa sababu mfuniko wake ni plastiki, mrija wake ni plastiki, na ile pete ya kuzuia kuvuja ni silikoni. Chupa ikisimama, maji hayagusi mfuniko. Ikilala ndani ya mkoba na chai ya moto, yanaugusa safari nzima. Kwa chai nachagua mfuniko uliovalishwa chuma kwa ndani, na hakuna mrija.

Pete hiyo ndiyo iliyonifundisha usafi. Niliitoa siku moja kwa ncha ya mpini wa kijiko, kwenye chupa niliyokuwa naiosha kila jioni kwa sabuni na kuiona inang'aa. Chini yake palikuwa na utepe mweusi, unateleza, unanuka kama udongo uliolowa. Maji yote niliyokunywa wiki hizo yalikuwa yamepita hapo. Sasa hutoka kila baada ya siku mbili tatu, inalowekwa kwenye maji ya moto na siki, inasuguliwa kwa mswaki wa zamani, na inakauka peke yake kabla ya kurudi.

Chupa ya mtoto mchanga

Hapa nisingependa mtu yeyote asome haraka. Mtoto mchanga ana mwili mdogo na hunywa mara nyingi, tena vuguvugu, hivyo kila tulichosema juu ya joto kinamgusa yeye zaidi. Chupa ya kioo ni bora ukiwa wewe ndiye unayeishika. Ya polipropilini ni bora mtoto akianza kuishika mwenyewe na kuitupa.

Ukitumia ya polipropilini, usiache kuchemsha kwa hofu ya chembe za plastiki; vijidudu ni hatari ya karibu zaidi. Badilisha mpangilio tu, kama walivyoshauri watafiti wale wa Dublin. Chemsha chupa kama kawaida, iache ipoe, kisha isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye chombo kisicho cha plastiki na kupoa. Maziwa ya unga yakoroge pembeni, kwenye kikombe cha kioo au cha chuma cha pua, kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaka ili kuua bakteria wanaoweza kuwa ndani ya unga wenyewe. Yakishafikia joto la kunywewa, ndipo uyamimine kwenye chupa. Usiyatikise ndani ya plastiki yakiwa moto, na usiyapashe ndani yake kwenye maikrowevu.

Ukifika dukani, kwa mtoto au kwa mtu mzima, fungua chupa kabla ya kulipa. Inuse, plastiki inayonuka dukani itanuka nyumbani. Mulika ndani, pitisha kidole shingoni uone kama kuna mishono mikali. Kisha jaribu kuichomoa ile pete kwenye mfuniko. Ikikataa kutoka, rudisha chupa rafuni uchukue nyingine.